Kujiamini Kulikopitiliza: Somo Kutoka Mtaa wa Msimbazi

Ndugu msomaji, anayetaka kujifunza tofauti kati ya kujiamini na kujiamini kupita kiasi apite Kariakoo siku mbili kabla ya mechi kubwa. Mtaa wa Msimbazi, yaliko makao makuu ya Simba, jezi nyekundu zimetundikwa mpaka barazani, na kwenye vijiwe vya kahawa watu hawaulizani tena nani atashinda. Wanabishania idadi ya mabao.

Tuanze na Desemba 2018. Tarehe 23 Simba iliifunga Nkana ya Zambia 3-1 Uwanja wa Taifa, ikapindua kipigo cha 2-1 ilichokipata ugenini na kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Bao la tatu, la kisigino cha Clatous Chama, lilitikisa jiji. Siku tatu baadaye, uwanja uleule, ikakutana na Mashujaa ya Kigoma katika Kombe la Shirikisho. Mashujaa haikuwa hata Ligi Kuu. Ikashinda 3-2. Na mwaka mmoja tu kabla ya hapo, Simba ikiwa bingwa mtetezi wa kombe hilohilo, ilikuwa imetolewa kwa penalti na Green Warriors, timu ya daraja la pili. Ungedhani kidonda kile kilikuwa bado kibichi.

Lakini mfano unaotufaa zaidi ni wa Oktoba 2021. Simba ilikwenda Botswana ikaifunga Jwaneng Galaxy, klabu changa ya mji wa migodi ya almasi, 2-0. Katika marudiano ya tarehe 24, Uwanja wa Benjamin Mkapa, Larry Bwalya akafunga kabla ya mapumziko. Jumla ikawa 3-0. Kipindi cha pili Galaxy wakafunga matatu, mawili yakiwa ya Rudath Wendell, na Simba ikatolewa kwa kanuni ya bao la ugenini.

Wengi husema Simba ilijiona kubwa kuliko ilivyo. Sikubaliani nao. Simba ilikuwa kubwa kweli, na ushindi wa Botswana ulikuwa wa kweli. Hapo ndipo penye ugumu: kujiamini kwa aina hii hakusimami juu ya uongo, kunasimama juu ya ukweli wa wiki iliyopita. Mtu akikuonya, unamwonyesha matokeo, naye anakosa la kujibu.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa Theologiae, anauweka ujasiri wa kujiamini upande wa fadhila, pamoja na ukuu wa moyo, yaani moyo unaothubutu makubwa. Unyonge wa moyo, ule wa kukimbia jambo unaloliweza, anauhesabu kuwa kosa. Basi dawa si kujidharau. Watazame Galaxy wakati wa mapumziko: nyuma kwa mabao matatu, ugenini. Walichobaki nacho ni dakika 45 na miguu yao, wakavitumia vyote. Kujiamini kulikuwepo uwanjani siku ile, ila kulikuwa upande wa wageni. Wenyeji walikuwa na kumbukumbu nzuri.

(Ndugu zetu wa Jangwani wasicheke sana. Novemba 2022 Yanga ilifika Mbarali ikiwa imecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa. Ihefu wakaifunga 2-1.)

Kwa majadiliano ya kikundi: mseminari ameongoza darasa lake mihula mitatu mfululizo, na kesho anaingia mtihani wa nne. Ana haki ya kujiamini? Kama anayo, inatoka wapi hasa: kwenye matokeo yaliyobandikwa ukutani, au kwenye daftari alilolifungua jana usiku?