Nyumba imebomoka: tuanzie ofisi gani?

SWALI: Mvua imebomoa nyumba ya jirani yetu hapa Maretadu. Mama na watoto wanalala kwa kuhamahama. Nani anawajibika, na fedha zinatoka wapi?

JIBU: Pole sana. Nendeni leo kwa mwenyekiti wa kijiji. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 iliweka kamati za maafa kuanzia kijijini hadi taifa. Ile ya wilaya huongozwa na Mkuu wa Wilaya, na uratibu wa kitaifa uko Ofisi ya Waziri Mkuu.

Majirani zenu wa Hanang wanaijua njia hii. Tope la Mlima Hanang lilipoikumba Katesh tarehe 3 Desemba 2023, walionusurika walihifadhiwa kwanza kwenye shule, kisha Serikali na Msalaba Mwekundu wakawajengea nyumba mpya Waret. Lakini hilo lilikuwa janga lililogusa taifa zima. Nyumba moja ikianguka, fedha zinaweza kuchelewa, na kwangu huo ni upungufu mkubwa: mtoto asiye na nyumba Maretadu hasikii baridi pungufu kuliko yule wa Katesh.

Kwa hiyo msiishie kwa maneno. Andikeni barua yenye picha na orodha ya mali iliyopotea, igongwe muhuri wa kijiji, nakala iende kwa Mtendaji wa Kata na Ofisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri. Diwani naye aibebe hoja hiyo kwenye baraza kabla bajeti haijapitishwa.