Saruji na Ngozi Yetu

Katika jiji la Arusha na vijiji vilivyo chini ya Mlima Meru, nyumba nyingi hujengwa kwa saruji. Waashi huchanganya saruji, mchanga na maji. Wengine huishika kwa mikono mitupu. Baadhi yao hupatwa na muwasho, vipele na mipasuko mikononi. Kwa nini?

Saruji iliyolowa hudhuru ngozi kwa njia mbili.

Kwanza, ina chokaa kali. Chokaa hiyo hukausha ngozi na huweza kuichoma. Madhara haya yaweza kumpata mtu yeyote.

Pili, saruji huwa na kiasi kidogo cha kemikali iitwayo kromiamu. Kemikali hii huyeyuka katika maji na kupenya ngozi, hasa ngozi iliyochubuka. Mwanzoni mwashi haoni dalili yoyote. Huenda akafanya kazi kwa miezi au miaka bila kudhurika. Lakini kadiri kromiamu inavyozidi kupenya, ndivyo hatari inavyoongezeka kwamba mwili wake utaanza kuipiga vita. Tangu hapo, hata kiasi kidogo kisichomdhuru mwenzake humletea vipele. Hali hii huitwa mzio. Mzio huu huweza kudumu maisha yote. Kwa hiyo ni heri kuuzuia kabla haujaanza.

Je, kupunguza kiasi cha kemikali husaidia? Ndiyo. Mwaka 1983 nchi ya Denmark iliamuru kwamba kilo 1 ya saruji isizidi miligramu 2 za kromiamu inayoyeyuka. Viwanda vilitia chumvi ya chuma katika saruji ili kuipunguza. Baadaye waashi wapya wenye mzio huo walipungua. Mwaka 2005 nchi za Umoja wa Ulaya zilianza kutumia kipimo hicho hicho.

Kinga
1. Mwashi avae glavu na viatu vya mpira visivyopitisha maji.
2. Saruji ikigusa ngozi, ioshwe mara moja kwa maji mengi safi.
3. Nguo zilizolowa saruji zivuliwe upesi.
4. Mwenye vipele visivyopona aende zahanati.
5. Watoto wasichezee saruji.

Maswali
1. Taja njia mbili ambazo saruji hudhuru ngozi.
2. Waashi wawili hutumia saruji ya mfuko mmoja. Mmoja hupata vipele, mwingine hapati. Eleza sababu.
3. Mfuko una kilo 50 za saruji. Kwa kipimo cha Denmark, kromiamu inayoyeyuka isizidi miligramu ngapi katika mfuko huo?