Taa Mpya, Maji ya Kijani

Safari hii sikuwaletea ngano wala vitendawili. Nimewaletea somo lililonigharimu samaki wawili.

Nyumbani kwetu Kisumu tuna tangi la kioo la lita 80. Samaki wa dhahabu wanne walikuwa mali ya dadangu mdogo, lakini mtunzaji nilikuwa mimi. Likizo ya Aprili tyubu ya zamani iliungua. Nikanunua taa ya LED, kali kweli kweli, nikaiacha ikiwaka tangu alfajiri hadi saa nne usiku. Tangi liling'aa kama duka la sonara!

Wiki ya pili vioo viliota utando wa kijani na maji yakawa kama mchuzi wa mchicha. Kwa hasira nikamwaga maji yote, nikasugua changarawe na chujio, kisha nikajaza maji ya mfereji. Kesho yake samaki wawili walikuwa wakielea chali. "Kaka, umewaua," dadangu akasema. Hakulia. Afadhali angelia.

Na mwani je? Siku kumi hazikuisha, ukarudi!

Shule zilipofunguliwa nilimwendea mwalimu wetu wa Biolojia. Kumbe klorini ya maji ya mfereji huunguza matamvua ya samaki. Tena, kwa kusugua chujio nilikuwa nimewaangamiza bakteria wanaovunja sumu ya amonia.

Mwani nao, akanieleza, hujipikia chakula kwa mwanga. Huhitaji pia hewa ya kaboni na mbolea, yaani nitrati na fosfati zinazotokana na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula. Mbolea ilikuwamo tanginu siku zote. Mwanga hafifu wa tyubu ndio ulioubana mwani. Hata hapa kwetu, Ghuba la Winam hugeuka kijani mbolea za mashamba na maji taka zinapoingia ziwani.

Basi, ukibadilisha taa fanya hivi:

1. Anza na saa 6 kwa siku. Majuma mawili yakipita bila mwani, ongeza kidogo, usizidi saa 8.
2. Weka tangi mbali na dirisha lenye jua.
3. Lisha kiasi kinachomalizika kwa dakika mbili tatu.
4. Kila wiki badilisha robo tu ya maji. Maji mapya ya mfereji yakae wazi kwenye ndoo siku nzima kwanza.
5. Futa vioo kwa sponji isiyo na sabuni. Chujio lioshe kwa maji yaliyotoka tanginu.

Mimi nilifuata hayo, na baada ya mwezi hivi maji yakatakata. Samaki wawili waliosalia wangali hai. Ila swichi nimenyang'anywa: dadangu huwasha saa tisa alasiri na kuzima saa tatu usiku. Nikitaka kuwaonyesha wageni samaki asubuhi, sharti niombe ruhusa.