SOMO LA GITARE: AKORDI ZENYE KUNING'INIA



Sisi wa mwaka wa sita tunakaribia mtihani wa dola. Kisha tutatawanyika: wengine Masisi, wengine Walikale, wengine mbali zaidi. Kwaya itabaki na gitare itabaki, lakini vidole vitakuwa vyenu. Tunaona wadogo wetu wengi wanaiga mkono wa mukubwa bila kujua ule mkono unafanya nini. Mtu wa namna hiyo, siku wimbo ukipandishwa ao ukishushwa, anapotea. Njo maana leo tunaandika juu ya akordi ambazo tunaulizwa kila mara, zile zinazoandikwa "sus".

1. Akordi iko na nini ndani?

Akordi ya kawaida iko na sauti tatu. Tuchukue Re majeri: Re, Fa diezi, La. Hesabuni toka Re: Re ni ya kwanza, Fa diezi ni ya tatu, La ni ya tano. Ya kwanza na ya tano ni nguzo za nyumba. Ile ya tatu njo inasema kama ndani kuko furaha ao huzuni. Ukiishusha kaze moja inakuwa Fa, na Re majeri inageuka Re mineri.

2. Nini inaning'inia?

Ondoa ya tatu, weka ya nne mahali pake: Re, Sol, La. Hiyo ni Re sus 4. Ao weka ya pili: Re, Mi, La. Hiyo ni Re sus 2. Sasa hakuna furaha wala huzuni, sikio linangojea. Ni kama chukudu yenye mzigo wa viazi iliyofika kileleni mwa mlima: haitulii pale, inataka bonde.

Jina hili lilitoka wapi? Katika nyimbo za kale za makanisa ya Ulaya, mwimbaji mmoja alishikilia sauti ya akordi iliyopita, na wenzake wamekwisha kuhamia akordi mpya. Sauti yake ilining'inia, ikagongana na zingine, kisha ikashuka hatua moja na kupatana nazo. Njo vile Sol inashuka kwa Fa diezi. Baadaye kuko wapigaji walioiacha ining'inie bila kushuka. Herbie Hancock wa Marekani, mwaka 1965, alirekodi Maiden Voyage, muziki uliojengwa juu ya akordi hizi. Lakini mwanafunzi aanze kwanza kwa kurudi nyumbani.

3. Mkono

Kamba ya 1 ni ile nyembamba kabisa. Shika Re majeri: kidole cha shahada kamba ya 3 kaze ya 2, cha kati kamba ya 1 kaze ya 2, cha pete kamba ya 2 kaze ya 3. Usiguse kamba ya 6.

Kwa Re sus 4: ongeza kidole kidogo, kamba ya 1 kaze ya 3. Vingine visitoke.
Kwa Re sus 2: inua kidole cha kati, kamba ya 1 ilie wazi.

Kwa La majeri ni kamba ya 2 inayohama: kaze ya 2 ni majeri, kaze ya 3 ni sus 4, wazi ni sus 2.

Msikwangue kamba zote pamoja tu. Mwenda Jean-Bosco, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville (leo Likasi), alipiga kwa kidole gumba na cha shahada, na kila kamba ilisikika. Fanyeni vile, polepole, mpaka sikio litambue ile sauti moja inayotembea. Hata kama gitare yako ni ya mbao na kamba za breki ya kinga, ikiwa imepangwa vizuri, somo ni lile lile.

4. Angalisho kwa kwaya

Kama sauti ya pili wanaimba Fa diezi na wewe unapiga Sol, kati ya sauti hizo kuko kaze moja tu. Zitagombana, na waimbaji watayumba wakifikiri kosa ni lao. Kwa hiyo, kabla ya kupiga sus, uliza: nani anaimba ya tatu hapa? Kama yuko, acha akordi kamili. Sus ifae mahali ambapo waimbaji wanavuta pumzi, ao mwisho wa ubeti, na irudi mbele hawajaanza tena. Gitare iko pale kubeba wimbo, si kuonyesha vidole.

5. Kazi

Hesabu nne: Re sus 4 mara mbili, Re majeri mara mbili. Rudia mpaka mkono usisite. Kisha fanya na La. Mwisho, jibuni swali hili: Re sus 4 iko na Re, Sol, La. Kuna akordi gani ya Sol yenye sauti zile zile tatu? Hesabuni toka Sol, mtaiona.

Atakayeona aje kwetu mbele ya mtihani. Tutampa gitare, naye amfundishe mwingine.

Ni sisi wakubwa wenu wa mwaka wa sita.