Nyasi za Majini: Tuzitambue Kabla ya Kuzipanda



Katika somo hili tutazungumza juu ya mimea inayofanana na nyasi ambayo huota ndani ya maji, na namna ya kuipanda katika tangi la kioo la samaki. Pengine mzee mmoja atauliza: tangi la kioo si ni mambo ya hoteli za mjini? Ni kweli, lakini siku hizi hata vijana wa vijijini wanaanza kufuga samaki wadogo wa urembo ili wauze. Na yule mwenye kidimbwi cha udongo naye atafaidika, kwa sababu ndani ya kioo ataona kwa macho yake yale ambayo kidimbwini yamefichwa na tope.

Shida yenyewe huwa hivi. Kikundi kinachanga pesa, fundi wa vioo analipwa, samaki wananunuliwa. Halafu kijana anatumwa mtoni alete "nyasi". Analeta chochote cha kijani alichokiona kwenye maji. Wiki ya pili majani yanageuka manjano, ya tatu yanaoza, maji yananuka, na asubuhi moja samaki wanaelea tumbo juu. Watu wanasema tuliuziwa samaki wagonjwa. Kumbe ni mmea wa nchi kavu uliozamishwa, ukafa, na kuoza kwake kukamaliza hewa ndani ya maji.

Basi tuanze na kutambua. Shika shina kwa vidole viwili ulizungushe. Ukikuta vifundo, kama vile vya muwa au nepia, hiyo ni nyasi ya kweli. Matete ya kando ya mto yamo humo, na thangari pia, ile inayotusumbua shambani. Ukikuta shina lina pembe tatu, halina kifundo, na majani yake yamepangwa kwa safu tatu, huyo ni wa jamaa ya ndago. Mafunjo makubwa ni ndugu yake. Kundi la tatu lina shina la mviringo, laini, lisilo na kifundo, limechongoka kama sindano ya kufumia, na ukilipasua unakuta ute mweupe mkavu kama sponji. Haya yote matatu huonekana katika bonde moja lenye maji, na kwa mbali mtu huyaita nyasi tu.

Lakini kujua jamaa peke yake hakutoshi. Wengi wa hao husimama na miguu ndani ya maji huku kichwa kiko nje kinavuta hewa. Ukiwazamisha mpaka juu, umewaua. Kwa tangi tunataka ule unaoishi chini ya maji maisha yake yote. Kuna jaribio moja rahisi, na sisi tunaliona ndilo bora kuliko yote: utoe mmea majini uushike wima kwa mzizi. Ukisimama wenyewe, umezoea hewa, uache huko mtoni. Ukianguka na kulala mkononi kama utepe uliolowa, huo ni wa majini hasa, maana hauna haja ya mifupa; maji ndiyo huubeba.

Mmea wa kuanza nao, kwa maoni yetu, ni ule unaoitwa valisneria. Jina limetokana na mtaalamu mmoja wa Italia aliyeitwa Antonio Vallisneri. Lakini si mgeni kwetu, huota wenyewe katika maziwa ya Afrika Mashariki. Majani yake ni marefu, membamba, bapa kama utepe, na yote hutoka chini mahali pamoja, hakuna shina. Huzaa kwa kutuma kamba chini ya mchanga, na kila kamba inachipua mtoto, kama vile stroberi shambani. Maua yake nayo ni ya ajabu: lile la kike hupanda juu kwa kikonyo kilichojikunja kama springi, na yale ya kiume hujikata chini yakaelea kulitafuta.

Wa pili ni mdogo, kama nywele za kijani. Huyu ni wa jamaa ya ndago ingawa shina lake ni la mviringo. Kila jamaa ina mtoto asiyefanana na wengine. Kila unywele ni shina, jani hana, na akiota nje ya maji utaona kichwa kidogo cha mbegu kwenye ncha. Aina nyingine za mmea huu hukubali kukaa chini ya maji, nyingine zinakataa, kwa hiyo jaribu kwanza katika beseni kwa mwezi mmoja.

Sasa kupanda. Tangi la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30 hubeba lita 54, yaani kilo 54 za maji kabla hujahesabu kioo na mchanga. Meza iwe imara. Osha mchanga wa mto mpaka maji yatoke safi, utandaze sentimita tano. Maji ya mfereji yenye dawa yaache kwenye beseni wazi siku nzima, au zaidi, kabla ya kuyatia. Unapopanda valisneria, fukia mizizi tu. Pale majani yanapoanzia pabaki juu ya mchanga, pakifunikwa panaoza. Wale wa nywele wagawe vishungi vidogo, uache nafasi ya vidole viwili katikati. Wengine hupanda donge zima, nalo linaoza kati.

Samadi usitie. Tunajua kwenye kidimbwi cha udongo tunatia ili maji yawe kijani, lakini kwenye kioo utapata supu. Tangi likae karibu na dirisha, lisipigwe na jua kali la mchana, la sivyo utelezi wa kijani utafunika kila kitu. Na baridi yetu ya Juni hadi Agosti hupunguza mwendo. Mmea usipokua mwezi wa saba usiung'oe, ngoja.

Kuna akina mama watauliza kama wanaweza kutia vitoto vya ngege humo. Ngege huchimba mchanga akitengeneza kiota, na wako jamaa zake wanaokula majani yenyewe. Hapo unapanda asubuhi, jioni hakuna.

Usijaze mimea kupita kiasi pia. Mchana mmea huwapa samaki hewa, lakini usiku nao unavuta ile ile. Ukiwakuta alfajiri wako juu wanapumua kwa midomo wazi, punguza majani na ubadilishe sehemu ya maji. Hili linahusu hata vidimbwi vya mita za mraba 300 vilivyochimbwa kwa mpango wa serikali ulioanza 2009, maana vingine vimeshikwa na majani pande zote.

Mahali pa kuchuma mimea pachagueni kwa makini. Mifereji ya mpunga ya Mwea inajulikana kwa kichocho, na konokono wanaokibeba hupenda kujificha kwenye majani ya majini. Mtoto asitumwe huko. Mtu mzima avae gamubuti na glavu, na kila mmea ukaguliwe jani kwa jani, mayai ya konokono ni kama tone la ute. Ni afadhali kupata mbegu kwa mfugaji mwenye tangi safi, na kuhusu samaki, kuulizia kituo cha Sagana, ambacho kimekuwapo tangu 1948.

Na yale mnayopunguza msiyatupe mtoni. Si kila kigeni ni kibaya. Samaki aina ya trauti aliletwa mto Gura mwaka 1905 na watu bado wanamvua. Lakini gugu maji lililosumbua wavuvi wa Ziwa Viktoria lilikuwa ua la urembo kutoka Amerika ya Kusini. Chania na Gura zote humwaga Tana, na Tana huenda Masinga. Yaanikeni juani mpaka yakauke kabisa, kisha yatieni kwenye shimo la mboji.

Kwa mkutano ujao, kila mmoja alete mashina matatu kutoka bondeni kwake. Yapangeni mezani, myatenganishe kwa vidole, kisha mjadili: lipi lina kifundo, lipi lina pembe tatu, na lipi likitolewa majini linalala?