SOMO LA KIKUNDI: NYAMA CHOMA BILA MAJUTO

Ni vigumu kupata sherehe katika Kenya hii ambayo haina moshi wa nyama. Iwe ni harambee, arusi ama mkutano wa mwisho wa mwaka, lazima mbuzi aanguke. Ukipita Kikopey, karibu na Gilgil, kwenye barabara ya kutoka Nairobi kwenda Nakuru, moshi unakukaribisha kabla gari halijasimama. Vikundi vingi vya akina mama na vijana vimeona kwamba hapo kuna riziki. Wavu mmoja, gunia la makaa, ubao wa kukatia, na kazi inaanza.

Kazi hiyo ni nzuri, lakini moto na nyama havitaki mchezo. Somo hili ni la kusomwa pamoja. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, halafu mjadili maswali yaliyo mwishoni. Msiharakishe.

KISA CHA KUJADILI

Tuseme kikundi chenu kimeahidi kuchoma nyama Jumamosi, siku ya soko. Ijumaa jioni jirani anakuja. Anasema ng'ombe wake alianguka akavunjika mguu, ikabidi amchinje hapo hapo. Nyama iko tayari, anauza sh. 350 kwa kilo. Kwa bucha ni sh. 700. Mweka hazina anapiga hesabu haraka: kwa kilo 10 tutaokoa sh. 3,500! Mama mmoja anauliza kwa sauti ya chini, "Daktari wa mifugo ameiona?" Watu wananyamaza. Jirani ni mtu wa heshima, tena ni shemeji ya mwenyekiti. Mwingine anasema, "Si tutaichoma vizuri? Moto unaua kila kitu."

Shikeni kisa hiki akilini tunapoendelea.

1. JE, NI KWELI MOTO UNAUA KILA KITU?

Hapana. Uko ugonjwa unaoitwa kimeta. Viini vyake vikitoka nje ya mwili wa mnyama hujifunga kama mbegu yenye ganda gumu. Mbegu hiyo hukaa ndani ya udongo miaka mingi sana, na moto wa kuchomea nyama hauwezi kutegemewa kuiua. Tena hatari haingoji mpaka mtu ale. Anayechuna ngozi na kukata nyama anaweza kuambukizwa kupitia mkwaruzo mdogo tu mkononi.

Dalili kubwa ni mnyama kufa ghafla, pengine jana jioni alikuwa anakula majani vizuri. Damu nyeusi hutoka puani, mdomoni au nyuma, na haigandi. Mkiona hivyo, msimpasue, msimchune, na mbwa wasimguse. Pigeni ripoti kwa afisa wa mifugo. Yeye ndiye atakayewaonyesha namna ya kumchoma mzoga au kumzika kwa kina kirefu.

Kwa binadamu, kimeta huanza kama kipele. Baadaye kinakuwa kidonda chenye kitovu cheusi, na mara nyingi hakiumi. Kwa hiyo watu hupuuza. Aliyekula nyama hiyo anaweza kuumwa na tumbo vikali, kutapika na kuhara damu. Dawa iko, na inafanya kazi ikianzwa mapema. Aende hospitali siku hiyo hiyo na aseme wazi, "Nilikula nyama ya mnyama aliyekufa" au "Nilimchuna." Asifiche kwa sababu ya aibu.

Ugonjwa mwingine ni homa ya Bonde la Ufa. Ulitambuliwa mara ya kwanza hapa kwetu Kenya, karibu na Naivasha, na habari zake zikaandikwa mwaka wa 1931. Huja hasa baada ya mvua nyingi na mafuriko, mbu wanapoongezeka. Mwaka wa 2006 na 2007 ulishika sehemu nyingi za nchi ukaanzia kaskazini mashariki, na zaidi ya watu 100 walikufa. Wengi huambukizwa wakati wa kuchinja na kushika damu ya mnyama mgonjwa. Ndiyo maana serikali ikisema kuchinja kusimame kwa muda, haisemi hivyo kwa kuwaonea wachuuzi.

2. MHURI SI MAPAMBO

Sheria yetu ya kudhibiti nyama, Sura ya 356, inataka nyama ya kuuzwa ikaguliwe. Mkaguzi humtazama mnyama akiwa hai, halafu hutazama nyama, maini, mapafu na viungo vingine baada ya kuchinja. Akiridhika ndipo anapiga mhuri. Chini ya Katiba ya mwaka wa 2010, machinjio na kuzuia magonjwa ya mifugo ni kazi ya kaunti. Kwa hiyo ulizeni katika ofisi ya mifugo iliyo karibu nanyi nani mkaguzi wenu, na muandike namba yake ya simu ndani ya kitabu cha kikundi.

Huenda ng'ombe wa jirani alikuwa mzima kabisa, na mguu tu ndio uliovunjika. Lakini mnyama akishakatwa vipande, nani atajua? Nyama haisemi. Kama mguu umevunjika kweli, mwenye ng'ombe angemwita afisa kabla ya kisu.

3. USAFI KANDO YA MOTO

Mwaka wa 2001 Shirika la Afya Duniani lilitoa kanuni tano za chakula salama. Sisi tunaweza kuzitumia hapo hapo kwenye wavu:

(a) Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika nyama, na pia ukishapokea pesa. Noti imepita mikono mingi.
(b) Tenga kibichi na kilichoiva. Muwe na mbao mbili na visu viwili. Wachomaji wengi wanakatia nyama iliyoiva juu ya ubao wenye damu ya nyama mbichi, na hapo kazi yote ya moto inaharibika.
(c) Ivisha mpaka ndani. Nyama ya kusaga na mutura zinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu uchafu uliokuwa nje umeshachanganywa mpaka katikati. Mutura ichemshwe kwanza, kisha ichomwe. Mkiwa na kipima joto, katikati pafike nyuzi 70. Msipokuwa nacho, pasueni kipande kinene karibu na mfupa. Kikitoa maji mekundu, kirudi motoni.
(d) Usiache nyama iliyoiva ikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Ama iwe moto sana, ama iwe baridi sana. Vuguvugu ndiyo inayopendwa na viini.
(e) Tumia maji safi na vyakula salama. Kachumbari haipiti motoni, kwa hiyo nyanya na dania zioshwe kwa maji safi.

4. MOTO MZURI NI MOTO MVUMILIVU

Makosa mengi hutokea kwa haraka ya mteja mwenye njaa. Nyama ikiwekwa juu ya moto unaowaka kwa ndimi, inakuwa nyeusi nje na mbichi ndani. Subiri mpaka makaa yashike yote na yavae jivu jepesi jeupe. Halafu yasukume mengi upande mmoja. Upande wa makaa mengi utumie kukausha nyama juu, na upande wa makaa machache utumie kuivisha mbavu na paja polepole. Mafuta yakidondoka na moto ukaruka, sogeza nyama, usimwage maji kwa fujo ukarusha jivu. Sehemu iliyoungua ikawa makaa ikatwe itupwe, haina faida mwilini.

Usiwashe moto kwa plastiki, matairi wala mbao zenye rangi. Moshi wake ni sumu, na unaingia ndani ya nyama. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini kuanzia tarehe 28 Agosti 2017, lakini plastiki nyingine bado zinaokotwa za kuwashia jiko. Tumieni vijiti vikavu, magunzi ya mahindi au karatasi.

Tufikirie pia miti. Kwa tanuri la udongo la kienyeji, kilo 10 za kuni hutoa kilo 1 mpaka 2 tu za makaa. Kwa hiyo kila gunia ni mti mkubwa. Makaa yaliyobaki baada ya kazi yafunikwe yakose hewa, yazimike nje hapo hapo, yatumike siku nyingine.

5. HESABU KABLA YA KUWASHA

Nyama ikichomwa hupoteza maji na mafuta. Tuseme kilo 10 mbichi zinabaki kilo 7. Mmenunua kwa sh. 7,000, na makaa, chumvi, nyanya, unga, usafiri na ushuru wa soko ni sh. 1,500. Jumla ni sh. 8,500. Mkiuza iliyoiva kwa sh. 1,000 kwa kilo mtapata sh. 7,000. Mmefanya kazi kutwa nzima na hasara ni sh. 1,500! Mkiuza kwa sh. 1,500 mtapata sh. 10,500, faida sh. 2,000. Lakini kilo 2 zikibaki, mtapata sh. 7,500, na hiyo ni hasara ya sh. 1,000.

Ndiyo sababu wachomaji wazoefu hupima nyama ikiwa mbichi mbele ya mteja, na bei yao tayari ina makaa ndani yake. Mteja achague, ione mizani, ndipo ichomwe. Hivyo hakuna ugomvi, na hakuna nyama ya jana inayopashwa kesho. Faida ya halali inatoka hapa, haitoki kwa nyama ya bei ya kushangaza.

6. JIKO LISILALE NDANI

Hili ndilo neno zito kuliko yote. Jioni kuna baridi, jiko bado lina makaa mekundu, na mtu anasema, "Tuliingize ndani litupashe joto." Watoto wanalala, mlango na dirisha vinafungwa. Asubuhi hakuna anayeamka.

Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu, inachukua nafasi ya hewa safi tunayohitaji. Watu hudhani kwamba jiko lisilo na moshi halina hatari. Kumbe makaa yasiyotoa moshi ndiyo yanayodanganya. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea na usingizi mzito. Mkiona hivyo, fungueni milango, mtoeni mtu nje mara moja, na mumpeleke hospitali hata kama amesema amepata nafuu. Mkifika na kumkuta amezirai, fungueni kwanza, msije nanyi mkaanguka.

Mvua ikinyesha siku ya biashara, msilete wavu ndani ya chumba. Jengeni kibanda cha paa tu, pande ziwe wazi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kisa chetu, kwa nini watu walinyamaza yule mama alipouliza? Je, katika kikundi chetu mtu anaweza kumwambia shemeji ya mwenyekiti "hapana"?
2. Tunaweza kumkatalia jirani kwa maneno gani bila kumvunjia heshima? Wawili waigize.
3. Sh. 3,500 tulizookoa zitatosha matibabu ya watu wangapi?
4. Ni nyumba ngapi katika mtaa wetu huingiza jiko usiku, na kwa sababu gani? Je, wana blanketi?

LA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Chagueni watu wawili: mmoja aende ofisi ya mifugo aulize habari za mkaguzi, mwingine atafute ubao wa pili. Kila mwanakikundi atembelee nyumba mbili aeleze habari ya jiko la usiku, kwanza nyumba zenye watoto wadogo na wazee wanaoishi peke yao. Katika mkutano ujao, kila mtu aeleze alichokikuta.