Kompyuta Haitoki Jasho: Nilivyozinyamazisha Feni Zangu Magogoni

Nyumba yetu ya Magogoni, Kisauni, ina vyumba sita na ukumbi katikati, na kuta zake hazifiki juu. Kati ya kichwa cha ukuta na mabati pameachwa uwazi wa kupitisha hewa, na hewa inapopita, sauti nayo hupita. Mtu akikohoa chumba cha mwisho, wa chumba cha kwanza humpa pole. Humo ndimo nilimoundia kompyuta yangu ya kwanza, kwa kazi ya kuhariri video za harusi. Kazi hiyo naifanya usiku, watoto wa jirani wakishalala na bodaboda zikishapungua barabarani.

Usiku wa tatu mamangu aligonga ukuta. "Mwanangu, kinu cha unga kimehamia kwako lini?" Hakuwa akitania. Ana presha, na usingizi wake ukikatika saa saba haurudi mpaka adhana ya alfajiri. Asubuhi nilimwomba radhi, nikazima mashine, nikaifungua. Ilinichukua wiki tano kuipata sawa, na mengi niliyoyasoma wakati huo yalinipoteza kwa sababu moja: waliyaandika watu ambao vyumba vyao ni vya nyuzi 21. Changu, saa tano ya usiku mwezi wa Februari, kipimajoto kilisoma 31.

Hapo ndipo mambo yote yanapoanzia, basi nieleze taratibu.

Sisi tukikaa chini ya pangaboi tunaona baridi kwa sababu tuna jasho. Upepo hukausha jasho, na jasho likikauka huondoka na joto la mwili. Hewa ya chumba yenyewe haijapoa hata kidogo. Kompyuta haitoki jasho. Uifungie feni tatu au kumi na tatu, chuma chake hakitashuka chini ya joto la hewa unayoipuliza ndani. Kwa hiyo mtu wa nchi ya baridi anapoandika kwamba prosesa yake ikiwa haina kazi hukaa nyuzi 36, hiyo ni 15 juu ya chumba chake. Yangu ikikaa 46, ni 15 juu ya chumba changu. Sote tumeunda vizuri sawasawa. Mimi nilipokuwa naifukuzia ile 36 yake nilikuwa nafukuza kitu kisichopatikana Kisauni, na feni ndizo zilizokuwa zikipiga kelele ya hiyo safari.

Prosesa yangu ni Ryzen 5 5600G. Niliichagua kwa sababu ina uwezo wa picha ndani yake, hivyo sikuhitaji kadi kubwa ya picha yenye feni zake mbili tatu. Kwa anayetaka kimya huo ni uamuzi mzuri kabla hata ya kununua feni. Ni prosesa ya wati 65, na AMD wenyewe wameiwekea kikomo cha nyuzi 95. Nikiwa kazini ikafika 75, bado nina nyuzi 20 mkononi. Mwanzo nikiiona 75 nilikuwa napandisha kasi ya feni kwa hofu. Siku hizi naiacha.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kasha. Nilinunua lenye kioo mbele na taa za rangi, na feni tatu zilizokuja nalo. Kioo kilikuwa kimeziba uso wote; hewa iliingilia kwenye ufa wa pembeni usiozidi upana wa kidole. Feni zilikuwa zinavuta mahali pasipo na hewa, na feni inayonyimwa hewa huguna hata ikienda polepole. Niliking'oa kile kioo. Mahali pake nimefunga wavu wa waya wa matundu mapana kuliko ule wa kuzuia mbu dirishani, nimeukata kwa mkasi wa bati na kuubana kwa skrubu nne. Joto la prosesa lilishuka nyuzi 7 siku hiyo hiyo, bila kununua feni hata moja. Kama bado hujanunua kasha, chukua lenye wavu mbele. Uzuri wa kioo utausahau ndani ya wiki moja, mngurumo hutausahau.

Kosa la pili lilikuwa upande wa feni. Aliyenikusanyia kasha dukani alifunga ya nyuma ikipuliza ndani, kwa hiyo zote tatu zilikuwa zinasukuma hewa zikikutana katikati kama watu wanaogombea mlango. Upande wa feni unautambua hivi: ule uso wenye vijiti vya plastiki vinavyoshika moyo wa feni, mara nyingi na karatasi ya chapa, ndiko hewa inakotokea. Uso ulio wazi ndio unaovuta. Za mbele zivute kutoka chumbani, ya nyuma itoe nje nyuma ya prosesa.

Usiamini macho tu, jaribu. Mamangu ana vijiti vya udi juu ya kabati. Niliwasha kimoja, nikakishika mbele ya wavu umbali wa shubiri moja, nikatazama moshi. Unaingia umenyooka kama uzi? Vizuri. Unazunguka na kurudi usoni kwako? Kuna feni imegeuka au pana uwazi unaorudisha hewa ya moto mbele. Kisha nyuma: moshi usukumwe mbali na kasha. Dakika moja inatosha, wala usiache majivu yaanguke ndani.

Sasa kelele yenyewe. Zile feni za mwanzo zilikuwa zimechomekwa moja kwa moja kwenye pawasaplai, kwa plagi kubwa ya pini nne nene. Hiyo huipa feni volti 12 muda wote, na mathabodi haiwezi kuiamuru wala kuiona. Ikikimbia, inakimbia mpaka uzime stima. Feni unayotaka kuitawala lazima ichomekwe kwenye pini ndogo za mathabodi, zile zilizoandikwa CPU_FAN au CHA_FAN au SYS_FAN pembeni yake.

Pini hizo ni nne: ya kwanza ni waya wa chini, ya pili ni volti 12, ya tatu hurudisha habari ya mizunguko, ya nne ni ya amri. Amri hiyo huitwa PWM, nayo ni mapigo yanayokwenda mara 25,000 kwa sekunde, kasi ambayo sikio la binadamu haliisikii. Feni ya pini tatu haina waya wa amri, basi mathabodi huipunguza kwa kushusha volti, na lazima uingie BIOS ubadilishe mpangilio kutoka PWM hadi DC. Ukiacha PWM, feni ya pini tatu itakimbia kwa nguvu zote na utadhani imeharibika. Nilikaa siku mbili na tatizo hilo.

Ukiwa na feni nyingi kuliko nafasi za kuchomeka, waya wa kugawa unafaa, ila soma ampea kwenye karatasi ya kila feni ujumlishe. Mathabodi nyingi huruhusu ampea moja kwa kila nafasi, na feni ya kawaida hula 0.1 hadi 0.3. Tatu zinaingia bila shida.

Nilinunua mbili za milimita 140 za mbele, na nyuma nikabakiza moja ya 120. Wengi hudhani feni zaidi ni kelele zaidi, na mimi nilidhani hivyo. Hesabu inasema kinyume. Feni ikipunguzwa kasi hadi nusu, hewa inayosukuma hushuka karibu nusu, lakini kelele hushuka takriban disibeli 15. Ukiongeza feni ya pili iliyo sawa na hiyo, kelele hupanda disibeli 3 tu. Kwa hiyo mbili za nusu kasi zinasukuma hewa karibu sawa na moja ya kasi kamili, huku zikiwa chini yake kwa disibeli 12 hivi. Hiyo ni tofauti kati ya mama kugonga ukuta na mama kulala. Feni pana nayo hupitisha hewa nyingi kwa mizunguko michache, ndiyo maana nilichukua 140 palipokuwa na nafasi.

Kuhusu chapa: Noctua wa Austria wanasifiwa kwa haki, na bei yao si ya mtu anayenunua vifaa kimoja kimoja kwa miezi minane. Arctic P12 na nduguze wa 140 zinafanya kazi hii kwa bei nafuu zaidi. Chochote utakachochukua, kiwe cha pini nne.

Ile hitisinki fupi iliyokuja na prosesa niliitoa. Feni yake ni ndogo, na feni ndogo hulazimika kukimbia. Niliweka ya mnara yenye feni ya 120. Kabla ya kuibana, hakikisha umebandua karatasi ya plastiki iliyo chini yake, safisha pesti ya zamani kwa spiriti, weka pesti mpya kiasi cha punje ya choroko, ukaze skrubu kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule.

Nakuja kwenye mchoro wa kasi, na hapa nataka msomaji anisikilize vizuri kwa sababu ndiyo kazi yenyewe. Ndani ya BIOS kuna mchoro wenye nukta: joto chini, kasi pembeni. Mwongozo niliofuata mwanzo ulisema feni zianze kupanda kwenye nyuzi 40. Katika chumba cha 31, prosesa yangu haishuki chini ya 40 hata nikiwa natazama tu. Matokeo yake feni zilikuwa kwenye mlima muda wote. Nikifungua faili, joto linaruka hadi 55, feni zinapanda; sekunde tatu baadaye zinashuka; tena zinapanda. Sikio huzoea sauti iliyotulia kama linavyozoea mawimbi. Sauti inayopanda na kushuka haliizoei, na ndiyo iliyokuwa ikimwamsha mama.

Nilisogeza mchoro wote kulia. Mpaka nyuzi 60 feni hazisogei kabisa, zinakaa asilimia 35, ambayo kwangu ni mizunguko 600 hivi kwa dakika. Kutoka 60 hadi 75 zinapanda taratibu kufikia asilimia 55. Kutoka 75 hadi 85 zinapanda haraka, na 85 ni asilimia 100, kwa usalama. Kisha nikatafuta pale BIOS inapokuruhusu kuchelewesha feni zisijibu kila mruko wa joto, nikaweka sekunde 5. Kabla ya kukubali kiwango cha chini, shusha polepole huku ukisikiliza: feni nyingine chini ya asilimia 20 au 30 husita na kutoa mlio wa tik-tik, nyingine husimama kabisa. Kiwango chako kiwe juu kidogo ya hapo.

Ulibaki mvumo mzito nisioujua unatoka wapi. Nilipoliinua kasha mkononi, ulikatika. Ilikuwa meza. Feni hutikisa kasha, kasha hutikisa meza, na meza ya mbao iliyoegemea ukuta ni kama ngoma. Nilikata ndara kuukuu vipande vinne nikaweka chini ya kasha, nikaivuta meza kutoka ukutani upana wa kiganja. Hilo halikunigharimu shilingi hata moja.

Yapo mambo ya huku kwetu ambayo wenye miongozo hawayataji. Vumbi letu ni la mawe ya matumbawe, jeupe na jepesi, na wakati wa kaskazi linaingia kila mahali. Nimevisha wavu wa mbele soksi ndefu ya nailoni ya kike, iliyonyooshwa barabara. Naivua kila baada ya wiki mbili, naiosha, naianika. Feni mbili zinazoingiza dhidi ya moja inayotoa husaidia pia, kwani hewa ndani ya kasha inakuwa nyingi kidogo na kusukuma kutoka kwenye nyufa badala ya kufyonza vumbi kupitia hizo nyufa. Ukipiga brashi mapanga, yashike kwa kidole yasizunguke. Hewa yetu pia ina chumvi na unyevu. Skrubu zangu za bei rahisi ziliota kutu ndani ya miezi minne, nikabadilisha kwa zisizoshika kutu. Na kasha lisiwekwe sakafuni wala ndani ya kabati lililofungwa. Lipe nafasi ya mkono mzima nyuma, upande wa dirisha kama linapata upepo.

Jana usiku nilitoa video ya harusi ya saa mbili. Chumba kilikuwa nyuzi 30, prosesa ilipanda hadi 74 ikatulia hapo, feni za mbele mizunguko 780. Nilisikia mama akigeuka kitandani chumba cha pili, nikasikia na mbu.

Ombi langu kwa wenzangu wa Kisauni, Likoni na Changamwe mnaounda mashine zenu: mnapoandika au kuelezana vipimo, tajeni kwanza joto la chumba, ndipo mtaje la prosesa. Kipimajoto cha ukutani kinatosha.